Foronya Nyeupe Mlangoni

Sasa nacheka, lakini kuna watu hapa Dengfeng, mtaa wa Waafrika wengi mjini Guangzhou, ambao hadi leo nikikutana nao najifanya naongea na simu, kwa aibu ya asubuhi ile waliyonililia nikiwa hai.

Yalianza kwa baridi. Nilisoma shule ya bweni ya masista kule Nyeri, na Sista Nora, mzaliwa wa Ayalandi, kila mkesha wa Mtakatifu Brigida, mwisho wa Januari, alitusukisha misalaba ya matete na kutuambia tuanike kitambaa nje, kwa kuwa Brigida hupita usiku akikibariki, akiifungulia dunia mlango baada ya theluji. Tulianika tu (theluji yenyewe tungeijulia wapi). Nimekuja kumwelewa hapa Guangzhou, vidole vimekufa ganzi nikifunga mizigo, halafu nikaona matawi ya mpichi yanauzwa barabarani, yamechipua maua. Jioni hiyo, nayo ilikuwa mkesha wa Brigida, nikafunga foronya kwenye kitasa cha mlango, upande wa nje. Nyeupe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi.

Kumbe kwa Wachina kitambaa cheupe mlangoni ni msiba. Mama mwenye nyumba alikiona asubuhi, akabisha, nami nimelala fofofo na pamba masikioni, basi akamwita Zainabu, jirani yangu Mtanzania, naye kwa huruma akawaarifu Wakenya wenzangu, na mmoja wao akampigia mama yangu Nyeri, ambako hata hakujapambazuka.

Nilifungua mlango nichukue baraka zangu, nimevaa nguo ya kulalia, nikakuta korido imejaa watu. Zainabu aliniangalia, akakaa chini. Mama mwenye nyumba akanibonyeza mkono kama anayechagua embe, kisha akanigombeza kwa Kichina. Zainabu akatafsiri kwamba nimewaletea nuksi na mwaka mpya wao umefika, nihame. Nikaeleza habari za Sista na maua, Zainabu akitafsiri kwa sauti ya kutetemeka (kwa kilio au kicheko, sijui). Yule mama akaingia kwake, akarudi na kitambaa chekundu, rangi yao ya heri, akakifunga mwenyewe kwenye kitasa changu.

Aliyeniuma ni mama yangu. Nilipopiga, nikasikia majirani wameshaanza kuimba nyuma yake.

“Ni wewe kweli?”

“Ni mimi, Mami.”

“Basi ongea tu. Usikate.”

Nikaongea hadi chaji ikaisha. Tangu hapo, katika nchi ya watu situndiki kitu mlangoni kabla sijauliza, na haipiti siku mama hajaisikia sauti yangu.