Kompyuta Chini ya Milaya

Sisi wa enzi za kaseti za kupuliza tunajuana. Ukimwona mtu mzima anashika kipande cha plastiki, anakichungulia mdomoni, anakipuliza fuu! kabla ya kukichomeka kwenye mashine, mpe kiti, huyo ni wa rika letu. Watoto wa leo wakituona wanacheka. Wao simu ikikwama wanaizima na kuiwasha, basi. Sisi tulikuwa tunapuliza, tunabembeleza, tunapiga kikofi mgongoni, na mashine ikipenda inaitika.

Nakumbuka Kitale, huko Kenya, tulikokimbilia vita vilipotutoa Juba. Mimi nilikuwa na miaka minane, kaka yangu Lado kumi. Asubuhi ukungu ulishuka hadi ukafunika mahindi, ukawa unasikia watu wakisalimiana na huwaoni. Viatu vya mpira vilijaa matope. Jikoni Mama alipika mboga za majani na karanga za kusaga, kama zinavyopikwa kwetu, na harufu yake ikawavuta majirani mpaka mlangoni. Ile baridi bado naisikia magotini, hata leo hapa Juba ambapo jua halina huruma na mtu.

Baba, kabla ya vita, alikuwa karani wa taipu. Hata akiongea nawe vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya meza, tap tap tap, kama anayaandika maneno yako. Kitale taipu hakuipata. Alipata kazi ya kupima magunia kwenye kinu cha unga, si mbali na nyumbani, na mchana alikuwa anarudi kula, sisi tukiwa shule. Jumamosi moja aliondoka na baiskeli yake asubuhi, akarudi jioni kwa miguu, boksi begani.

"Kompyuta," alisema, akipumua kwa nguvu. "Ya hawa watoto. Siku tukirudi nyumbani hawataanza na sifuri."

Ilikuwa nyeupe, ina vibonye vya herufi zote, vimepangwa sawasawa na vile vya taipu yake ya zamani, na nadhani hicho ndicho kilichomteka. Ndani ya boksi kulikuwa pia na kaseti mbili, na pedi mbili za kushika mkononi, zenye vibonye vyekundu. Baba alizigeuzageuza zile pedi. "Hizi ni za hesabu," akasema, akaziweka kando kwa heshima.

Lado alinivuta mpaka nyuma ya banda la kuku. "Keji, hiyo si kompyuta. Hiyo ni TV gemu. Wameivalisha herufi tu."

Tukaapa kunyamaza. Sitawadanganya, tulikuwa tunataka kucheza. Lakini kulikuwa na ile baiskeli. Kuanzia Jumatatu Baba alikwenda kazini kwa miguu, mvua inanyesha, mfuko wa plastiki juu ya kofia, na alikuwa anaimba. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia?

Uongo wetu ukakua. Kanisani Baba aliwatangazia watu kwamba wanawe wanasoma kompyuta, na wazee wakatushika mikono kutupongeza. Mama aliidarizia milaya yake, kitambaa cha maua kama vile wanawake wetu wanavyotandika vitandani siku za wageni, akatia tausi wawili wanaotazamana. Kila jioni Baba alinikalisha, akaifunika mikono yangu kwa milaya hiyo nisione vibonye, akanisomea barua za kiofisi kutoka kichwani mwake. "Usitazame, ya binti yangu. Vidole vinajua." Nikikosea alikohoa tu, nami nilijua ni herufi ipi.

Na ilikuwa inaimba, jamani! Kaseti moja ilikuwa na ukurasa wa kuandika amri. Ukiandika herufi za noti mstari kwa mstari, mashine inaziimba kwa sauti nne: mbili nyembamba za filimbi, moja nzito ya tumboni, na moja ya kuchakacha, kama mchele unapopepetwa. Baba alileta noti za kwaya, tukazigeuza pamoja kuwa herufi. Tatizo, ile mashine haikuwa na kumbukumbu hata ya dakika moja. Ukizima, wimbo umekwenda. Kwa hiyo niliandika kila kitu kwenye daftari la hesabu, lile la visanduku, na kila Jumapili baada ya ibada niliuandika wimbo upya mbele ya wageni. Wao wanakunywa chai, mvua inapiga mabati, betri ya gari inaisukuma televisheni yetu ndogo, na mimi naandika. Nikimaliza, kwaya nzima inatoka kwenye kile kikopo cha plastiki, na Baba amefumba macho. Mara nyingine siku hizi nikiwa nusu usingizini mchana, naisikia ile mvua na ile kwaya pamoja, na sitaki kuamka.

Baba akienda kinuni, tulitoa kaseti ya vifaru vya vita. Vifaru viwili, kila mtu na chake, na sehemu ya chini ya kioo kuna kijumba cha matofali ambacho lazima mkilinde. Nyumba ikivunjwa, khalas, mmeshindwa wote. Ila kulikuwa na jambo moja la ajabu. Tulipotoka shule tulikuta mashine ina joto. Nilimlaumu Lado, Lado akanilaumu mimi, na wote tulikuwa darasani. Mwishowe tukakubaliana kwamba ni milaya inatunza joto. Mama naye miezi hiyo alikuwa na lengelenge kwenye kidole gumba. "Ni karanga," alisema. "Nyinyi mnakula tu, hamjui kuzimenya."

Tuliporudi Juba, mimi nimeshakuwa msichana mkubwa, Baba aliipakata mashine njia nzima. Wiki haikuisha akanishika mkono mpaka ofisi moja kule Thongpiny, akamwambia mama wa mapokezi, "Huyu anajua kompyuta tangu utotoni." Nilitamani ardhi inimeze. Walinikalisha mbele ya kompyuta ya kweli, na hata pa kuiwashia sikupajua. Mama yule akaiwasha, akanipa barua niinakili. Nikafumba macho. Vidole vikaenda vyenyewe, na nilipofumbua watu watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Kazi hiyo ninayo mpaka leo. Jioni ile Baba aliipangusa mashine vumbi, akaishukuru kwa sauti. Baada ya hapo ungeanzia wapi kumwambia?

Mama alitutoka miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo Baba haongei sana, na vidole vyake vimetulia juu ya meza. Hicho ndicho kilichonitisha. Mimi siku hizi ninapiga zile nyimbo kwa ile ile mashine, Jumapili alasiri, uani kwa rafiki yangu, mtaa wa Atlabara. Wanakuja wenzangu waliokulia Kitale, Kakuma na Arua, na vijana wanaodhani tumevumbua kitu kipya. Mwezi huu nikaamua nimwalike Baba, na nimwambie ukweli. Sikutaka azikwe na uongo wangu.

"Leo namwambia," nilimwambia Lado, aliyekuja kutoka kwenye malori yake kule Sherikat kutusaidia na jenereta.

"Umengoja miaka yote hii," alisema. "Mwache amalize chai kwanza."

Baba alikuja na suti na kofia, akakaa kiti cha mbele. Nikaitoa mashine kwenye milaya ya Mama, nikafungua daftari, nikaanza kuandika. Herufi zilijipanga kwenye televisheni ya mgongo mrefu, mstari baada ya mstari. Nimebakiza mstari mmoja, jenereta ikakohoa, ikafa. Kioo cheusi.

"Woi! Auntie, si uli-save?" aliuliza msichana aliyeshika maikrofoni ya betri, mwendesha shughuli wetu.

"Haijui ku-save, mama."

Lado akakimbilia petroli. Yule msichana, kuziba pengo, akanisogezea maikrofoni. "Basi tuambie, Auntie. Hii mashine hasa ni nini?"

Watu wote walinitazama. Baba pia. Ningeweza kusema kompyuta, na siku ingekwisha salama. Nikaisukuma maikrofoni pembeni, nikainama karibu na kiti chake.

"Baba, nisamehe. Hii si kompyuta. Ni TV gemu. Mimi na Lado tulijua tangu siku ya kwanza, tukakuficha."

Alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha vidole vyake vikaanza kugonga ile kofia, tap tap tap.

"Ile kaseti ya vifaru," alisema, "mmekuja nayo?"

Nikaionyesha kwa kidole, kando ya daftari.

"Mchana nikirudi kula nilikuta mama yako ameshaiwasha, pedi moja ananishikia. Chakula kilikuwa kinapoa pale. Wallai, mama yako alikuwa hatari."

"Mbona hamkutuambia?"

"Mimi nilitaka kuwaambia. Yeye akakataa. Alisema watoto wanatuonea huruma, tusiwaharibie."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, mbele ya watu wote, bila haya. Jenereta ilipowaka niliuandika wimbo wote tena kwa macho yaliyofumbwa, na sauti zote nne zikaimba. Halafu Baba akanyoosha mkono kuomba kaseti. Akaipuliza mwenyewe.

Vijana walikuwa wametuzunguka, simu juu, wanarekodi. Kila mmoja wao ana michezo mia mfukoni, na anaicheza peke yake, masikio yamezibwa. Siwasemi vibaya, ndiyo dunia waliyoikuta. Sisi tulikuwa na kaseti mbili na mashine isiyokumbuka chochote, na ilitubidi tukumbuke sisi. Laiti Jumapili moja tu ya Kitale ingeandikika upya kutoka kwenye daftari.

Baba alichukua pedi ya kwanza. Ya pili, ile iliyolika kibonye chekundu, akaiweka mkononi mwangu.

"Mimi naenda mbele," alisema. "Wewe kaa nyuma ulinde nyumba. Hapo ndipo alipokuwa anakaa mama yako."

Nikakaa mahali pa Mama, nikalinda nyumba.