Mvua Juu ya Paa la Udongo

Mvua ikianza kupiga bati hapa Utemini, wajukuu wangu huongeza sauti ya redio. Mimi, ndugu yangu, huacha kila kitu nikasikiliza. Nimekulia kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, na juu ya udongo mvua haina kelele. Ndani ulisikia ndama wakicheua na chungu cha mlenda kikichemka, basi. Ulijua inanyesha pale tone lilipokudondokea shingoni.

Likidondoka, bibi alikuwa na dawa moja: udongo wa kichuguu. "Ongezeni!" Nasi watoto tulipanda juu na vikapu, tukamwaga, tukakanyaga huku tunaimba. Raha tupu! Kwenye tembe yetu ya zamani kule mlimani, yenye nguzo nene alizochagua babu mwenyewe, dawa ile ilifaa miaka yote.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, chini mbugani. Baba alijenga harakaharaka, kwa miti myembamba iliyopatikana. Masika yale mvua ilinyesha usiku kucha, mchana kutwa. Kila tone, bibi akaagiza udongo. Mama akaona nguzo ya kati inapinda. Akasema kwa adabu, maana yule ni mkwewe: "Mama, nguzo inalemewa."

"Iko sawa tu. Nyumba za udongo umeanza kuziona lini wewe?"

Mama akanyamaza. Ee Mungu wangu, laiti asingenyamaza!

Asubuhi moja tukinywa uji, nguzo ililia kwaa! Baba alikuwa nje akichimba mfereji. Mama aliruka, akaikumbatia nguzo, akaiwekea bega. "Mama, toa watoto!" Sikuwahi kumsikia akimwamuru bibi. Bibi akatii, akatusukuma nje mmoja mmoja, mdogo wangu akiwa mgongoni kwake. Niligeuka nikamwona mama, miguu imezama kwenye tope, ananitazama. Paa likashuka.

Baba na jirani walifukua kwa majembe, kisha kwa mikono. Walimkuta bado ameikumbatia nguzo.

Tangu hapo mvua ikianza, bibi alitoka akakaa uani, akanyeshewa mpaka iishe. Baba alimbembeleza, jirani akamgombeza, wapi!

Sasa tembe huzioni tena, na kijiji kile ni mashamba ya alizeti. Kimebaki kichuguu, na shimo ubavuni tulikochota udongo. Wajukuu wanalalamika eti bati lina kelele. Nawaambia wazime redio. Mama yangu hakuwahi kulala chini ya bati.