Foleni ya Kuiona Zohali

Shemeji yangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Mkasi. Mkewe, yaani dada yangu, ni fundi cherehani na hana jina la utani, maana hakuna anayethubutu.

Mwaka jana Mkasi alijiunga na klabu ya watazama nyota. Akaleta nyumbani darubini ya miguu mitatu, akaisimamisha kando ya kitanda, pale pale dada alipopanga kuweka cherehani ya pili. Dada akajikwaa, akajikwaa tena, mwisho akasema yaishe. Angekwenda mara moja tu kwenye uwanja wa shule, klabu inakowaonyesha watu nyota. Asipoona cha maana, hilo dude linatoka chumbani.

Basi Jumamosi tuliyokwenda uwanjani, shemeji hakuwa na raha. Giza lilipoanza kuingia mlinzi wa shule alizima taa, na Mkasi akailenga Zohali kwa darubini, ile sayari yenye pete. Majirani wakapanga foleni. Mkasi akawa anawageuza vichwa kwa vidole viwili, utadhani wamekaa kwenye kiti chake cha kunyolea. Kila mmoja aliinama, akachungulia, akasema, "Ahaa, nimeiona. Nzuri sana." Mwenye duka akaongeza kwamba pete zinang'aa kupita kiasi. Kichwa kikamvimba shemeji.

Ikafika zamu ya dada. Akainama kitambo.

"Sioni kitu."

"Tulia kidogo, mke wangu. Usishike bomba."

"Nimetulia na sijashika. Ni giza tupu, baba watoto."

Watu wakaguna. Nilimwonea shemeji huruma mpaka nikatazama chini. Akachungulia mwenyewe, akaona giza lile lile. Dunia inazunguka, na darubini isiyo na mota isiposogezwa kila mara, sayari inapita na kwenda zake. Yeye analijua hilo kuliko sisi sote, ila sifa zilimnogea akasahau kusogeza. Wale waungwana walikuwa wakisifia giza, wasije wakamvunja moyo.

Angeweza kumsingizia dada macho mabovu. Hakufanya hivyo, na hapo nilimpenda kweli.

"Umesema kweli, hakuna kitu," akamwambia. "Imetoka, na sijui imetoka tangu lini."

Akaitafuta upya.

Dada akainama tena. Safari hii hakuinuka upesi. Foleni ikaanza kukohoa. Nilipomgusa bega akanipiga kofi mkononi bila kuinua kichwa.

Mwishowe akainuka, macho yamemlowa, akawageukia majirani waliokuwa wakielekea getini.

"Mwenye duka, rudi. Rudini wote. Nyie hamkuona kitu."

Wakarudi mmoja mmoja. Dada akakunja mikono ya gauni na kumsogeza mumewe kando.

"Nionyeshe inavyosogezwa," akamwambia. "Wewe wageuze vichwa. Ukishasifiwa, huaminiki."