Msokoto Mmoja Dunguni

Baba na baba mdogo walivuta msokoto mmoja. Walikaa dunguni, kwenye jukwaa la miti lililoinuka juu ya shamba letu la mpunga kule Kulesa, wakiwinga ndege wasile mpunga, na tumbaku waliyonunua Garsen waliiviringisha katika kurasa za madaftari yangu ya zamani. Baba akivuta, humpa mdogo wake. Mdogo akivuta, hurudisha. Insha zangu za kwanza ziliishia vifuani mwao. Tangu ujana wao walivuta hivyo, na aliyevuta mara mbili mfululizo alitukanwa.

Mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa, baba alianza kukojoa damu. Hakuna aliyeshtuka. Kandokando ya mto Tana, mvulana akikojoa nyekundu wenzake humtania kwamba sasa amekuwa mwanamume. Ni kichocho, karibu kila mtu amekipata, na maji yalikuwa yamelala mashambani kwa miezi.

"Kaka, umerudi ujanani," baba mdogo alimwambia. "Mwambie shemeji ajiandae."

"Wewe cheka. Kesho zamu yako."

Zahanatini walimpa vidonge vya kichocho. Damu ikakoma, tukashukuru. Ikarudi. Akapewa vingine, ikakoma tena, kisha ikarudi na mabonge. Hivyo ndivyo msimu mzima ulivyotupita, tukitibu ugonjwa tuliouzoea huku ule tusioujua ukijijenga. Siku aliposhindwa kukojoa kabisa, akiwa ameikumbatia nguzo ya dungu na kutetemeka, ndipo tukampeleka Mombasa.

Daktari alimwingiza bomba jembamba lenye taa, akatazama ndani ya kibofu. Ilikuwa saratani, tena ilikuwa imeshapenya ukuta wa kibofu. Akauliza habari za tumbaku. Baba mdogo, aliyekuwa amefuatana nasi, akamkatiza.

"Daktari, mimi nimevuta kila alichovuta huyu. Msokoto uleule. Mbona mimi mzima?"

Daktari alivuta kiti. Alituambia kwamba moshi una sumu inayoingia damuni, ini huivunja, na mabaki huteremka na mkojo. Watu wengine huzaliwa na ini jepesi kwa kazi hiyo, wengine zito, kama mtu anavyozaliwa mrefu au mfupi. Kwa mwenye ini zito sumu hukawia, na kibofu huumia zaidi.

"Asingevuta, uzito huo pengine usingemdhuru," alisema. "Na kichocho cha miaka mingi nacho huenda kimechangia. Sijampima ini, siwezi kuapa. Na wewe, mzee, usidhani una ahadi ya kubaki mzima."

"Lakini sisi tumbo moja. Baba mmoja."

"Hata hivyo kila mtoto huchukua chake kwa baba na chake kwa mama. Hamkugawana sawa."

Baba, tuliyedhani amelala pale kitandani, akafungua macho. "Kumbe hata huko ulinipunja," akamwambia mdogo wake.

Baba mdogo aligeukia dirisha. Mabega yake yalitikisika, na haikuwa kwa kicheko.

Tulimzika mpunga ukianza kutoa mashuke. Ndege hawangoji matanga, kwa hiyo nikapanda dunguni, nikakaa mahali pake. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuvuta na vijana wenzangu huko Garsen. Baba mdogo aliwasha msokoto, akavuta, na mkono wake ukanyooka wenyewe upande wa kulia, kama ulivyozoea.

Nikaupokea msokoto. Nina vidole vya baba, nina paji lake la uso, hata kikohozi changu watu husema ni chake. Ini langu sikujua ni la nani.

Kabla haujafika mdomoni, baba mdogo aliunyakua.

"Hatujui umechukua kwa nani," alisema. Hakunitazama.

Tangu siku ile, kila alipotaka kuvuta alishuka chini, akachuchumaa kwenye tuta na kunipa mgongo. Nami huko juu nilipiga debe kuwafukuza ndege, nikiuona moshi ukipanda mwembamba. Msokoto mzima sasa ulikuwa wake.