Herufi Zilizopiga Magoti

Mume wangu alipopunguzwa kazini, mimi nilikuwa nimeshaamua kiinua mgongo chake kitanunua nini. Kingenunua mashine ya kusaga. Shinyanga nzima inakula ugali, na unga haujisagi wenyewe. Yeye akapanda basi la Kahama, akarudi na kompyuta. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao baada ya kutafuta dhahabu miaka na miaka bila kuiona. Nilimuuliza kama inasaga. Aliiweka juu ya meza sebuleni, akaifunika kwa kitambaa changu cha kufuma cha kochi kubwa, na tangu siku hiyo kochi kubwa likakaa kichwa wazi mbele ya wageni.

Haki yake nimpe. Yeye alikuwa mtu wa visima, kazi aliyoifanya tangu ujana wake, na kampuni za madini zilikuwa zimeanza kumiminika Kahama na Geita. Kampuni moja ilitaka mtu wa kuzungukia vijiji, kupima maji ya visima na kuleta taarifa kila mwezi. Taarifa waliitaka ndani ya disketi, si kwenye karatasi. Kwa hiyo ile kompyuta ndiyo ilikuwa jembe letu, nikubali nisikubali. Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa ukifika nyumbani umeshachoka.

Ugonjwa ulipojitokeza mara ya kwanza, aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta ni mimi, naandika mtihani wa darasa la sita. Niko katikati ya swali, herufi moja ikachomoka juu ya kioo ikaanguka mpaka chini. Ikafuata ya pili. Kisha zikaanguka zote, moja baada ya nyingine, kama kunde zinazopurwa, zikalala rundo pale chini. Nilimwita mume wangu nikamwambia mashine yake inapukutika. Aliizima, akaiwasha, ikatulia. Tukasema ni umeme. Mjini kwetu miaka ile umeme ulikuwa ukisingiziwa mambo mengi, na mengi kati ya hayo ulikuwa umeyafanya kweli.

Tulijua si umeme siku alipopeleka taarifa yake ya kwanza kambini, upande wa Kahama. Humo ndani ya disketi alikuwa ameweka na ile programu ya kuandikia, ili wasipate shida kuisoma. Karani wa kambi akaiingiza kwenye mashine yao, na chai yake haijapoa, herufi za kambi nazo zikaanza kuanguka. Mume wangu akarudishwa na onyo. Alete disketi safi Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na kama itakuja tena na ugonjwa, kazi anapewa mwingine. Huyo mwingine alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, amevaa tai. Nadhani ile tai ndiyo iliyomuuma zaidi.

Mjini palikuwa na mwenye duka mmoja, Mhindi mzaliwa wa Shinyanga, anayeongea Kisukuma kunishinda mimi. Mbele aliuza redio na betri, na nyuma ya kaunta alikuwa na disketi ya dawa. Tulimpelekea mgonjwa kwa baiskeli, kafungwa kwenye keria kwa mpira, mimi nikimshikilia kwa nyuma kama mtoto anayeungua kwa homa. Mwenye duka alitazama kidogo akatangaza kwa sauti kubwa kwamba ni virusi. Mume wangu akamwomba apunguze sauti, maana dukani palikuwa na watu wanaotufahamu, na miaka ile neno hilo likitajwa watu hawafikirii kompyuta. Aliisafisha, kisha akauliza kama disketi zote za nyumbani tumezileta. Tukasema zote. Tukaondoka na mashine nzima. Wiki haikuisha, ikapukutika tena.

Tukarudi dukani, akaisafisha, akauliza swali lile lile, tukajibu jibu lile lile. Ikapukutika. Kila jirani akawa daktari. Mmoja alisema ni vumbi la kiangazi, tuifunge ndani ya blanketi. Mwingine alisema meza imeinama, na akaja kabisa na kipande cha tofali kuinyanyua mguu mmoja. Mwalimu mwenzangu, msomi wa chuo, aliacha kunipa mkono.

Sasa lazima nimwingize mama yangu. Kwa mila zetu Wasukuma, mama na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hawali pamoja, hawaongei, na kitu cha mama mkwe, mkwe hakigusi. Si chuki. Ni heshima, tena heshima inayowachosha watu wengine kabisa, hasa mimi niliyekaa katikati. Mama alikuwa akija kwetu kila Jumamosi. Akifika kwenye ua wa minyaa, anakohoa. Mume wangu alikijua kikohozi kile kuliko honi ya treni. Alichomoka kwa mlango wa jikoni akaenda kukaa nyuma ya nyumba, kando ya pipa la maji, mpaka mama aondoke. Kuna Jumamosi mvua ilimnyeshea pale pale, na alipoingia ndani aliuliza tu kama mama hajalowa.

Mama alikuwa mjane, na zamani alikuwa karani mpiga chapa. Alitunga nyimbo za kwaya ya akina mama kanisani, na alipojua kwamba kwetu kuna mashine inayofuta kosa bila kuacha alama, hakuweza kukaa nayo mbali. Mtu mmoja wa Mwanza alimpa disketi yenye programu ya kuandikia, naye akahifadhi humo nyimbo zake zote. Aliifunga ndani ya kipande cha kitenge akaizika kwenye kikapu, chini ya michembe, vile viazi vya kukaushwa alivyotuletea. Hakuna aliyeruhusiwa kuishika. Aliiingiza mwenyewe, akaigonga kibodi kwa vidole kumi kana kwamba bado anapiga chapa nakala tano kwa kaboni, kisha akaitoa na kuifunga tena.

Aliyegundua ni mume wangu. Asubuhi moja, akiutazama ukuta, alisema herufi huwa zinaanguka baada ya Jumamosi. Nilikuwa na mwiko mkononi na nusura nimpige nao, kwa sababu alikuwa anamsema mama yangu, na kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini sikumwambia mama mimi mwenyewe. Ningemwambia, angejua papo hapo maneno yametoka kwa nani. Mkwe hawezi kumtuma mkewe akamwambie mama yake kwamba kitu chake kina ugonjwa. Kwa kosa kama hilo ukoo mzima unaitwa kikaoni. Mume wangu akawaza siku mbili tatu, akaja na wazo ambalo mpaka leo sijui ni la mtu mwenye akili au la mtu aliyekaa sana karibu na pipa. Mila inakataza sauti na inakataza macho, alisema. Lakini wazee hawakusema lolote kuhusu kioo cha kompyuta.

Jumamosi ilipofika, aliandika barua juu ya kioo. Alianza na shikamoo mama, akauliza hali, mifugo na mvua, na huko chini kabisa, kwa adabu nyingi, akagusia habari ya disketi. Kikohozi kikasikika. Akakimbia. Nilimkalisha mama mbele ya mashine nikamwambia mkwe wake amemwandikia. Alivaa miwani. Akasoma, "Shikamoo mama." Hajafika mstari wa pili, herufi zikaanza kushuka. Shikamoo ikashuka polepole mpaka chini, mama ikafuata, na hali na mifugo na mvua vyote vikaenda kulala chini ya kioo.

Mama akavua miwani. Aliipangusa kwa pindo la kanga, akaivaa tena, akalitazama lile rundo kwa muda mrefu.

"Hata maandishi yake yanapiga magoti," alisema.

Nilimuuliza kama nyimbo zake nazo huwa zinaanguka. Akasema ndiyo, tangu zamani, na akaniuliza wimbo wa kumsifu Mungu mimi nilitegemea ufanye nini. Basi. Miaka yote ile ya ndoa yangu mama hakuwahi kumwona mkwe wake akimwamkia, maana mila yenyewe inamzuia kumwona, na sasa alikuwa ameona. Alitoka pale na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afariki. Aliiweka disketi yake ndani ya mashine, akaandika wimbo mzima, akaenda kuwahadithia wanakwaya. Barua ile hakuna aliyeifikia mwisho.

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Ijumaa tuliipeleka mashine dukani kwa mara nyingine, ikasafishwa, na mume wangu akaanza kuandika taarifa yake, aje aihamishie kwenye disketi mpya kabisa Jumapili usiku. Kilichobaki ni kuivuka Jumamosi. Tulipanga niseme mashine imeharibika. Lakini mama hakuja peke yake. Alikuja na wanakwaya watatu, wamevaa sare, waje washuhudie, na mume wangu kwa mazoea alikuwa ameandika salamu yake, na kwa haraka ya kukimbia akaiacha imewaka.

Wakasimama nyuma ya mama. Shikamoo mama ilikuwa pale juu, imenyooka. Tukangoja. Mmoja wa wanakwaya akakohoa kidogo. Nikaleta chai, tukangoja tena, na herufi hazikutikisika.

"Leo amesimama wima," mama alisema.

Alichukua kikapu chake bila kukifungua. Chai hakuigusa. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wa mwisho akanitazama kwa huruma ya msibani.

Mimi nilifurahi, nisifiche. Disketi haikuingia, mashine ni safi, Jumatatu iko karibu. Nilimwendea mume wangu kwenye pipa nikamwambia aende zake Kahama, ya mama nitayamaliza mimi kwa kuku na maneno mazuri. Alikataa. Alisema hawezi kupanda basi huku mama mkwe wake anaamini kwamba amemsimamia wima. Nilimkumbusha mtu mwenye tai. Nilimkumbusha ada za watoto. Nilisema maneno mengine ambayo pipa pekee lingeweza kuyarudia. Akasema atakwenda akishaamkia.

Jumapili baada ya ibada nilimbembeleza mama hadi akakubali kuja, kwa sharti kwamba hakai. Mume wangu alikuwa ameshatayarisha. Kibodi ile ilikuwa na waya wa kujikunja kama wa simu. Aliuvuta mpaka mwisho, akaupitisha chini ya pazia la mlango wa chumbani, akajifungia huko na kibodi, akaacha kioo sebuleni. Pazia lilikuwa fupi, nilikata vibaya kitambaa siku nilipolishona, na siku zote nilikuwa nasema nitaliongezea pindo.

Mama akakaa pembeni ya kiti, kikapu mapajani. Kutoka chumbani tukasikia vidole. Juu ya kioo ikatokea shikamoo mama. Vidole vikarudi mwanzo wa mstari. Kisha mume wangu akaanza kubonyeza kile kitufe cha kushusha mstari, na shikamoo mama ikashuka hatua moja. Akabonyeza tena, ikashuka nyingine. Hakuwa anaona kitu, alikuwa anabonyeza tu, na maneno yale yakateremka mpaka yakafika chini kabisa yakatulia. Naye akaendelea kubonyeza, hajui kama yamefika.

Nikamwambia yamefika.

Hapo akaandika yaliyobaki. Mama aliyasoma kwa sauti, neno kwa neno. Kwamba mashine iliumwa, na kule kuanguka kwa herufi ndio ulikuwa ugonjwa wake. Kwamba disketi ya mama imeupata ugonjwa huo kwa watu, bila kosa la mama. Kwamba nyimbo zote zitahamishwa salama, hautapotea hata ubeti. Na kwamba ugonjwa ukirudi, kesho kazi ya Kahama hana.

Alipomaliza akainamisha kichwa. Nikadhani hasira imempanda. Lakini hakuwa anatazama kioo tena. Alikuwa anatazama chini, kwenye pazia langu fupi. Waya wa kibodi haukuwa mrefu wa kutosha kufika kitandani, na pale kwenye sakafu ya saruji, chini ya pindo, yalionekana magoti mawili ya mume wangu.

Mama akageuza uso upesi, kama inavyompasa. Akaniambia kwa sauti ya chini nimletee hicho cha kuandikia. Niliivuta kibodi toka chini ya pazia, akaigonga kwa vidole vyake kumi mpaka meza ikatikisika. Kisha akafungua kikapu, akasogeza michembe, akafungua kile kitenge, akaweka disketi yake juu ya kibodi. Akatoka kwa mlango wa mbele. Alipofika kwenye minyaa akakohoa, ili chumbani ijulikane kwamba njia ni nyeupe.

Mume wangu akaja akasimama mbele ya kioo huku akijifuta magoti. Tulisoma pamoja, na herufi zilibaki pale pale alipoziweka mama.

Marahaba baba. Inuka, hiyo sakafu ni ya baridi. Kesho uwahi basi.