Mfupa wa Hesabu

Mfupa ule ulinuka mafuta yaliyochacha na jasho la shingo za watu. Ulikuwa mfupa wa ng'ombe uliofungwa kwa kamba ya mkonge iliyoganda uchafu, na katika shule yetu kule Voi alivishwa mtoto aliyekamatwa akiongea Kidawida, lugha yetu ya nyumbani. Nilipofika darasa la saba, mwalimu wetu wa hesabu akaufanya wake. Aliyekosa swali aliuvaa mpaka mwenzake akosee, na aliyekutwa nao jioni alichapwa. Hata leo nikikumbuka kamba ile ilivyonata shingoni, najikuta nikijipangusa shingo.

Ijumaa moja niliuvaa tangu asubuhi. Kipindi cha mwisho mwalimu aliandika ubaoni 3, 7, 13, 21, akaacha pengo, kisha akamwita Mghoi, msichana rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja. Nilikuwa nimeshaona kwamba nyongeza ni nne, sita, nane, kwa hiyo inafuata kumi. Mghoi pia alikuwa ameona, maana daftarini mwake aliandika 31. Alipokuwa akisimama nikamnong'oneza, "Si hiyo. Ni ishirini na tisa." Aliniamini, kwa kuwa kila siku mimi ndiye niliyemsaidia kuchora grafu na kutafuta x. Akasema ishirini na tisa. Mwalimu akanivua mfupa, akamvika yeye, na jioni akamchapa mbele yetu sote. Nilijipapasa shingo nikafurahi. Furaha ile inanitia kinyaa kuliko mfupa wenyewe.

Tangu siku hiyo Mghoi hakuinua mkono tena katika somo la hesabu. Sasa analima kabichi kijijini Mwanda, nami ni mwalimu wa hesabu. Siku hizi shuleni hakuna mfupa wala kiboko, na watu husema watoto wa leo wamebahatika. Mwezi uliopita Mghoi alikuja nyumbani kwangu Kaloleni na binti yake.

"Mwalimu, nisaidie huyu mtoto," alisema akicheka. "Unajua mimi hesabu zilinishinda kitambo."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilimwandikia mtoto mfuatano uleule, sijui kwa nini. Akafikiri, akaandika 31, kisha akamtazama mama yake.

"Usiniangalie mimi," Mghoi akamwambia. "Mwamini mwalimu."

Nikamwambia mtoto amepata. Mama yake sikumwambia kwamba siku ile naye alikuwa amepata.