Gazeti Chini ya Kuku

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, wakianikwa juani hunirudisha Sori, kwetu kando ya ziwa, mapema miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano na nikijiona bingwa wa Kiswahili. Baba yangu alikuwa mwalimu. Jumapili baada ya kanisa wavuvi wachache walikuja kwetu, naye akawasomea gazeti lililopigwa marufuku, akilitafsiri kwa Kijaluo. Enzi hizo kukutana bila kibali kulikuwa kosa, na kushikwa na gazeti kama lile kulikuwa balaa, kwa maana serikali ikishataja usalama wa taifa, iliweza kumweka mtu ndani miezi na miezi bila kumfikisha kortini. Baba alilificha chini ya kuku aliyelalia mayai. Nje ya familia, aliyejua maficho hayo ni jirani yetu Ouma peke yake, fundi wa baiskeli.

Watu wetu walikuwa na kinga yao. Akija mtu wa serikali kuuliza maswali, watu wazima wote walisahau Kiswahili ghafla. "Akia," walijibu, yaani sijui, hata akina mama walioshinda sokoni wakipatana bei kwa Kiswahili hichohicho. Hakuna aliyenieleza sababu. Mimi nilidhani ni ushamba, na niliwaonea haya.

Alasiri moja wanaume wawili waliovaa suti za kaunda walifika kwetu. Mama akawajibu akia, nyanya naye akia, wakaondoka. Walinikuta njiani nikitoka ziwani na ndoo ya maji. "Na wewe msichana, hata shuleni hamfundishwi Kiswahili?" mmoja akaniuliza akicheka. Jamani, alinigusa penyewe! Nikamwambia nakijua sana, baba yangu ni mwalimu, tena anasoma hata gazeti analoliweka chini ya kuku. Wakanisifu. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Asubuhi yake walikuja na askari. Hawakufungua sanduku wala kuinua godoro. Walikwenda moja kwa moja kwa kuku, wakamrusha, mayai yakapasuka. Baba akiwa na pingu aligeuka akaitazama nyumba ya Ouma kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na niliogopa mno kufungua mdomo. Baba alirudi baada ya miezi mingi, miguu imevimba, bila kumwona hakimu hata siku moja. Ouma hakupata tena baiskeli ya kutengeneza. Akahamia Magunga. Tulipomzika Baba, Ouma alikuja, na kaka zangu wakamrudisha langoni mbele ya waombolezaji. "Wanangu, mimi sikusema," alisema. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimeshika birika la chai, mtu mzima mwenye watoto.

Siku hizi nafundisha Homa Bay. Nawaambia wanafunzi kwamba katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne, nao wanapiga miayo, maana kwao hilo ni jambo la kawaida. Nawaonea wivu. Watu wanaitukana serikali redioni, kisha wanakwenda zao kula ugali. Mwezi uliopita nilijikaza, nikaenda Magunga kumwambia Ouma ukweli. Nilimkuta kitandani, amekonda, lakini alinitambua mara moja. "Binti wa Mwalimu," akasema, machozi yakimtoka, "umekuja kunisamehe?"

Nikamshika mkono.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Tumekusamehe."

Akanishukuru.